Naombeni ushauri: mkoba wa Louis Vuitton kwa elfu kumi na nane, niuchukue?

Binti Barani (Malindi)
Assalam aleikum. Nimekwama na muuzaji amenipa hadi kesho alasiri. Kuna mkoba wa Louis Vuitton, ile Speedy ya kahawia yenye maua na herufi, anao dada mmoja anayeuzia nyumbani kwake hapa mjini. Mpya kabisa, una boksi, mfuko wa kitambaa, risiti ya mwaka huu, na ndani kuna kijingozi kimechapwa namba ya kiwanda. Elfu kumi na nane. Mwenyewe haufichi, asema ni "kopi ya kwanza". Swali langu ni moja tu: nani anaweza kuutambua kwa macho? Usingizi sina. Wanaojua mikoba wanijibu, mahubiri sitaki.

Ami wa Mkomani
Waaleikum salaam. Binti yangu, mahubiri umeyakataza lakini mimi ni mtu mzima, nitasema kidogo. Barazani kwetu kuna bwana alirudi safari na saa ya Rolex. Rolex ya kujijaza yenyewe, mshale wa sekunde huteleza. Wa kwake ulikuwa ukiruka, tak, tak, tak, na baraza likinyamaza watu wakinywa kahawa, ulisikika. Sote tulijua. Hakuna aliyemwambia, na yeye kila akikaa huuweka mkono juu ya goti ili saa ionekane. Ni miaka sasa. Mimi humwonea huruma, maana mtu huyo alikuwa na heshima yake kabla ya saa.

Mzee wa Mitumba
Elfu kumi na nane kwa kopi? Njoo Kongowea alfajiri bunda linapofunguliwa, utapata mkoba wa ngozi tupu kwa elfu mbili na chenji ya chai. Huyo dada ana viatu vya kiume pia?

Fundi Ngozi
Nijibu swali lililoulizwa. Nashona mikoba, na hii imepita mikononi mwangu, ya kweli na ya uongo. Mwili wa Speedy ya nakshi hiyo si ngozi, ni turubai lililopakwa. Ngozi iko kwenye mipini na kingo, nayo ikiwa mpya ni nyeupe ya krimu, kisha jua na mikono huigeuza rangi ya asali. Mipini ikiwa imeshapigwa rangi ya asali na mkoba unaambiwa ni mpya, jiulize. Pili, ugeuze. Turubai lake ni kipande kimoja kinachopita chini bila mshono, kwa hiyo herufi za mbele zimesimama na za nyuma ziko kichwa chini. Wanaoiga wengi huona hiyo ni kasoro, wakaisimamisha pande zote mbili.
Na mjue nakshi yenyewe ilibuniwa 1896 na Georges Vuitton kwa sababu watu walikuwa wakiiga masanduku ya marehemu baba yake. Ilikusudiwa iwe kinga, ikawa ndiyo inayoigwa kuliko zote.

Shangazi wa Langoni
Mwanangu, umeuliza nani atautambua. Mkoba wa kwendea sokoni hakuna anayeuogopea hivyo. Unaenda wapi mkoba huu?

Binti Barani
Ni zawadi tu, shangazi.

Shangazi wa Langoni
Zawadi ya nani?

Binti Barani
Haya. Ni wa sanduku la biarusi. Kaka yangu anaoa Amu, yaani Lamu, mwezi ujao, na biarusi ni wa mtaa wa Mkomani. Sanduku tunalipeleka sisi, basi hadi Mokowe kisha boti, na mnajua linavyofunguliwa: wanawake wamejaa ukumbini, mmoja anatoa kitu kimoja kimoja, anakinyanyua, anakitaja. Dada yake biarusi sanduku lake lilitoka Dubai na mpaka leo linazungumzwa. Nguo zipo, udi upo, dhahabu ipo, vyote vya ukweli. Umebaki mkoba. Na wao tumeshawaambia unatoka Milan. Sitaki kaka yangu asemwe.

Kijana wa Casuarina
Milan! Dada, nimefanya kazi kwa Waitaliano tangu nimalize shule, na mama mmoja aliniambia kwao hata mnunuzi hukamatwa. Ukishikwa na feki uliyoinunua huko, faini yaweza kufika euro 7,000. Wao wakija hapa Malindi hubeba vikapu vya mkeka. Mimi nilidhani hawana pesa, kumbe nyumba wanayokaa ni yao. Siku hizi hata mimi nimeacha fulana za majina.

Fundi Ngozi
Kijana, hatujaulizwa habari za fulana. Dada, Speedy mpya dukani Ulaya hupita euro 1,000. Wanawake wa Mkomani wana ndugu Dubai, Jeddah na Uingereza. Atakuwepo anayeujua.

Shangazi wa Langoni
Mimi bado nauliza. Mwanamume anayeoa ndiye hugharimia sanduku. Kaka alitoa pesa ya mkoba gani?

Binti Barani
Kaka yuko Doha. Alituma laki mbili na nusu, akasema tafuta mtu anayesafiri alete wa kweli. Tafadhali msinirukie. Elfu themanini imelipa ada ya wanangu wawili, walikuwa wamerudishwa nyumbani. Kaka hajui. Huyu kaka nimemlea mimi tangu mama afariki, nikimwamsha aende chuoni, nikimfulia, hakuna wa kunieleza habari ya kumpenda. Nitamrudishia kidogo kidogo. Na laki mbili na nusu kwa kitu cha kutilia simu na kitana, jamani, ni akili hiyo? Biarusi atafurahi vilevile. Arbuni ya elfu tano nimeshatoa.

Ami wa Mkomani
Amana, binti yangu. Hiyo ni amana.

Jicho la Nje
Samahani, hapa pananukia. Mwanzo umesema risiti ni ya mwaka huu na ndani kuna namba ya kiwanda iliyochapwa. Louis Vuitton ilianza 2021 kuacha namba hizo, sasa huweka chipu. Bei umeitaja, boksi umelitaja, muda wa mwisho umeutaja, na watu wameshaanza kuuliza viatu. Kaka wa Doha na ada ya watoto ni za kuliza tu. Nasema muuzaji ni wewe. Na ujue Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 inamtafuta anayeuza: kifungo hadi miaka mitano kwa kosa la kwanza, au faini isiyopungua bei ya mali mara tatu, au vyote viwili.

Mzee wa Mitumba
Ala! Na mimi nilikuwa naomba namba ya simu.

Kijana wa Casuarina
Hata mimi nilishangaa. Barani naijua, sijasikia dada anayeuza mikoba.

Ami wa Mkomani
Mngoje jamani. Mwenye kuuza husifu mali. Huyu tangu aanze hajasifu, anaogopa tu.

Binti Barani
Mimi si muuzaji, na picha siweki, wifi zangu wamo humu. Ila nimetoka huko sasa hivi. Nimeugeuza kama alivyosema Fundi. Herufi zimesimama mbele na nyuma, na chini kuna mshono umepita katikati. Mipini tayari ni ya asali. Nimemuuliza habari ya namba, akasema wateja huipenda. Basi. Wanawake wa Amu wataugeuza tu, kila kitu wao hukigeuza.

Shangazi wa Langoni
Wataugeuza, na atakayeona aibu si kaka yako. Ni msichana wa watu aliyekaa na hina mikononi, hata kuuficha hawezi. Arbuni iache. Nunua mkoba wa ngozi mzuri usio na jina, utatajwa kuwa mkoba wa ngozi na hakuna wa kuuliza zaidi. Kaka mwambie kilichobaki na kilichokwenda.

Binti Barani
Na Milan tuliyoisema?

Shangazi wa Langoni
Anipigie aliyeisema, nitamsindikiza kwa mama yake biarusi. Huko si mbali na kwangu.

Binti Barani
Arbuni naiacha. Ila la ada siwezi kulitamka kwa simu, nitalia. Nitamwandikia.

Shangazi wa Langoni
Mwandikie leo. Usiku ndipo huongea na mchumba wake, naye mkoba ndio atakaomtajia.