Naomba ushauri: nahariri tasnifu ya Kiingereza, mpaka wangu uko wapi?

MharirKikwajuni:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nahariri Kiingereza cha wenzetu hapa Unguja: ripoti za miradi, maombi ya ufadhili, na siku hizi tasnifu. Sasa nina kazi ya dada mmoja kuhusu kilimo cha mwani Paje na Jambiani. Utafiti mzuri, kina mama kawahoji mwenyewe pwani. Ila Kiingereza! "The" hazipo panapotakiwa, zimejaa pasipotakiwa. Hilo nalimudu. Linalonitatiza ni zile sentensi zinazosomeka kwa maana mbili. Nikichagua moja, nishamwandikia. Nikiziacha, atasema nimekula pesa yake bure. Na mnatoza kwa ukurasa au vipi? Anataka kuwasilisha kabla ya Ramadhani.

BintWete:
Waalaykum salaam kaka. Usichague. Andika pembeni, "Unakusudia hivi au hivi?", umpelekee. Chukua "he" na "she". Sisi "yeye" inatutosha kwa wote, kwa hivyo mtu akiandika mbio anatupia "he" popote. Kwenye mwani hilo si kosa dogo, maana wakulima wengi ni wanawake na huenda hoja yake nzima imekaa hapo. Lakini usigeuze zote kuwa "she" kwa kukisia. Wanaume wanaolima wapo, na wanunuzi wapo. Yeye ndiye aliyekaa nao.

MajiKupwa:
Angalia na saa. Mama anasema hushuka pwani saa mbili asubuhi, mtafiti anaandika "2 a.m.". Sarufi haina kosa, mhariri anapita. Saa mbili yetu ni "8 a.m."! Na hapo maji yenyewe yanakusaidia kukagua: mwani hushughulikiwa maji yakitoka, na bamvua za kwetu, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupwa asubuhi, kwenye saa nne hivi. Saa nane usiku wa bamvua maji yanajaa. Nani atafunga mwani kwenye maji ya shingo?

KijanaChake:
Mnajisumbua. Tia kwenye akili bandia, dakika tano imenyooka.

BintWete:
Itanyooka, ndiyo. Lakini haitomuuliza mtu yule "he" ni nani, itachagua yenyewe na utaletewa sentensi safi yenye uongo ndani. Na yale mahojiano ni ya watu, waliahidiwa siri. Wewe unayapeleka wapi?

MsimamiziTunguu:
Mimi nasimamia wanafunzi, nitasema upande wangu. Kwanza, msimamizi wake ajue kuna mhariri. Kurekebisha lugha kwa kawaida hakuna tatizo, kumjengea mtu hoja ndiyo tatizo. Washa ile sehemu ya Word inayoonyesha mabadiliko, na mwambie asiyakubali yote kwa mpigo. Akiulizwa kwenye utetezi ajue kilichobadilika na kwa nini.

Kitu chengine, maneno ya wahojiwa. Kama kahoji kwa Kiswahili kisha katafsiri, tafsiri mbovu unaweza kuirekebisha, lakini omba na maneno ya asili uyatie mbele yako. Kama mhojiwa alisema Kiingereza chake mwenyewe, kikiwa kimepinda, kiache kimepinda.

MajiKupwa:
Bei: hesabu kwa neno. Ukurasa unadanganya, mwengine anabana mistari mpaka unavaa miwani miwili. Na kabla hujataja bei soma kurasa chache za katikati. Za mwanzo zimeshapitiwa na msimamizi, mume, na jirani.

MharirKikwajuni:
Ahsanteni sana. Nimempelekea masuali ya sura ya nne peke yake, kajibu kwa sauti za WhatsApp, ndefu. Kumbe "he" mmoja ni mnunuzi aliyeshusha bei, nami nilikuwa nimemdhania mkulima. Hesabu ya neno kaikubali. Ramadhani kaiachia, atawasilisha baada ya Idi.

BintWete:
Marejeo nani anayapanga? Mmekubaliana?

MharirKikwajuni:
Hatujakubaliana. Nampigia sasa hivi.