Oil presha inadondoka zero ghafla, sensa mpya imefungwa na tatizo liko palepale

kichwa_na_trela:
Wakuu habari za saa hizi. Nina kichwa cha semi, silinda 6, komoni reli (dizeli inakaa kwa presha kubwa kwenye bomba moja la pamoja), umeme wa volti 24, kinatoa mzigo bandarini kwenda Tunduma. Gari likishapata moto, hasa likiingia barabara yenye mashimo, mshale wa oil presha unadondoka mpaka zero, taa nyekundu inawaka na alamu inalia, halafu unarudi kama hakuna kilichotokea. Muda huohuo gari linakosa nguvu, yaani kama turbo haipo kabisa. Dereva anapaki anachomoa stiki, oili iko sawa, injini haigongi wala haitoi moshi wa ajabu. Gereji moja Gerezani wamechomeka mashine ya kusoma hitilafu ikatoa kodi za SPN 100 FMI 4 na SPN 102 FMI 4, wakasema sensa ya oili imekufa, wakafunga mpya, gari halijavuka hata Chalinze likarudia yaleyale. Sasa wanataka washushe sampo (bakuli la oili chini ya injini) waangalie beringi na pampu ya oili. Naombeni msaada kabla sijatoa hela, hii ni sensa, ni waya, au injini imechoka kweli?

mtoto_wa_buguruni:
Sensa feki zimejaa mtaani mkuu. Tafuta orijino hata kama ni used, funga, endelea na safari.

fundi_umeme_tabata:
Mkuu wazuie kwanza wasishushe sampo. Na kukimbilia kununua sensa nyingine nako sikubaliani nako, utanunua tatu na tatizo utabaki nalo.

Hizo kodi zinasema kitu. SPN 100 ni presha ya oili, SPN 102 ni presha ya boost, yaani hewa inayosukumwa na turbo, na FMI 4 maana yake volteji ya ule mzunguko iko chini kuliko inavyotakiwa. Hiyo ni lugha ya umeme. Oili ingekuwa imeshuka kweli na sensa ikaisoma vizuri, kwa kawaida ungeletewa FMI 1, kwamba data ni sahihi ila presha ni ndogo. Halafu jiulize, sensa mbili za kazi tofauti, moja kwenye oili nyingine kwenye manifodi hewa inapoingilia injini, zinakufaje sekunde moja na kufufuka sekunde moja? Hapo tafuta kitu wanachochangia, na mara nyingi ni laini ya volti 5 inayotoka kwenye kontroboksi (kompyuta ya injini) au ethi yake (waya wa hasi). Waulize kama mashine ilitoa pia SPN 3509, hiyo ni volti ya kulishia sensa.

Ila kabla ya yote hakikisha oili, hapa usibahatishe kwa sababu ukikosea injini inakwenda na maji. Chomoa sensa, funga geji ya mkono kwenye tundu hilohilo, washa, subiri injini ipate moto kabisa ndiyo usome ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha panda taratibu mpaka mizunguko 1500 kwa dakika. Linganisha na kitabu cha injini yako. Geji ikiwa nzuri, suala la beringi limekwisha, hamia kwenye nyaya.

Sensa hizi zina waya tatu, volti 5, ethi na signali. Chomoa soketi, swichi on, injini isiwake, pima kwa multimita waya wa volti 5, unataka isome karibu sana na 5. Tafadhali fundi asitumie testa ya taa, ile inavuta moto mwingi na inaweza kuunguza kontroboksi. Chomeka sensa, ingia kwa pini nyembamba nyuma ya soketi upime signali. Oili ikiwa imelala, yaani haina presha, sensa nyingi zinatoa kama volti 0.5. Sasa mtu mmoja aangalie mita, mwingine atikise wayaringi kuanzia kwenye sensa mpaka kwenye kontroboksi, pole pole, kila kibano. Volti 5 ikianguka wakati anashika sehemu fulani, umefika. Isipoanguka, chomoa sensa zote zilizo kwenye laini hiyo moja moja, kuna wakati sensa moja imeshoti ndani inazizamisha zote.

suka_nyanda_za_juu:
Naongezea kwa sisi wa barabarani. Kabla hujawasha asubuhi angalia kwenye mashine boost inasoma ngapi. Sensa nyingi za boost zinasoma na presha ya hewa ya kawaida, kwa hiyo ukiwa Dar usawa wa bahari utaona karibu kPa 100, ukishapanda Kitonga ukalala Iringa utaona kama 84 hivi, na sensa iko nzima. Kuna watu wanabadilishiwa sensa kwa sababu hiyo tu.

Jingine, acheni kuosha injini kwa mashine ya presha. Maji yanaingia kwenye soketi, na kwa hewa hii ya chumvi pale Kurasini pini zinaota kutu ya kijani, gari linaanza kuona vitu ambavyo havipo. Na kwenye reli ya dizeli msijaribu kulegeza bomba injini ikiwa inawaka, presha inapita bar 1000, inatoboa ngozi.

kichwa_na_trela:
Wakuu Mungu awabariki. Tumefunga geji ya mkono, injini ya moto kabisa, sailensa inasoma juu kidogo ya bar 2, ukipanda inavuka 4, fundi akalinganisha na kitabu akasema hiyo injini nzima. Volti 5 ilikuwepo vizuri mpaka kijana aliposhika wayaringi pale inapopita juu ya staata, mita ikashuka mpaka karibu na zero. Kibano cha plastiki kimekatika, wayaringi imelalia breketi, koa (ganda la nje la kukinga nyaya) imelika na waya wa volti 5 shaba inaonekana kabisa inang'aa, gari likirukaruka inagusa chuma. SPN 3509 nayo ilikuwepo, hawakuitaja. Swali, tuuzungushie tepu au tukate tuunge upya?

fundi_umeme_tabata:
Tepu hapana, joto la pale litailegeza. Hapo waya ulipolika kata, unga, piga lehemu, vika ule mpira unaosinyaa kwa moto, rudisha koa mpya na ufunge kibano cha chuma chenye mpira kiiache wayaringi mbali na breketi. Kagua na waya za jirani maana hazichubuki peke yake. Ukimaliza pima volti 5 kwenye soketi zote mbili, futa kodi, mpe dereva mzigo mtembee na mashine ikiwa imechomekwa mpaka mizani ya Vigwaza, macho yawe kwenye oili na boost. Na ile sensa ya zamani waambie wakurudishie, inawezekana kabisa ni nzima.