MJADALA: Filamu ya familia ya kuchekesha na kuliza, wahakiki wanaionea?

Mtoa mada, Mwanjelwa
Filamu ya familia ikichekesha halafu ikaliza, wahakiki wana sentensi yao tayari: "inalazimisha machozi". Watazamaji nao wanajaza benchi hadi mlangoni. Chukueni Home Alone ya 1990, ile ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani akapambana na wezi. Wahakiki waligawanyika, lakini filamu iliyogharimu dola milioni 18 hivi iliingiza zaidi ya milioni 470 duniani. Mimi nasema wanaionea: wanapima kichekesho cha familia kwa rula ya tamthilia nzito. Anayepinga aje na hoja.

Mhariri wa picha, Uyole
Mkuu, mauzo si hoja. Chipsi zinauzika kuliko chainizi na hakuna anayezifanya mizani ya lishe.

"Kulazimisha machozi" ni kosa la kiufundi, linaonekana kabisa mezani pa kuhariri. Tazama muziki unaingia lini. Ukiingia kabla uso wa mwigizaji haujabadilika, basi kinacholiza ni kinanda, mwigizaji anakisindikiza tu. Zima sauti kwenye tukio la kilio: kama huoni tena nani kamkosea nani, mhakiki hajaonea mtu. Filamu zetu nyingi zinaanguka hapo. Baba hajashika hata kitasa cha mlango, kinanda kimeshaanza, na hakitulii mpaka tukio liishe.

Vichekesho navyo vinauawa mezani hapohapo. Mtu akishatoa mzaha, mwachie anayeusikiliza sekunde moja na nusu, mbili hivi, tuone uso wake. Ukikata mapema, kicheko cha ukumbi kinafunika mstari unaofuata, na mara nyingi mstari huo ndio unaobeba kisa. Ukiacha sekunde tano, mzaha umeshapoa.

Mtoa mada
Kwa filamu mbovu nakubali. Lakini hiyo niliyoitaja inafaulu jaribio lako. Yule mzee jirani tunaanza kwa kumwogopa. Katikati anakaa na mtoto kanisani, tunajua kuwa yeye na mwanawe hawasemezani. Mwishoni mtoto anamwona kupitia dirishani, amemkumbatia mjukuu wake. Hakuna neno. Deni lilikopwa mapema, likalipwa kwa picha tupu. Sasa mhakiki aliyeieleza kama mapigo ya wezi na ndoo za rangi tu aliangalia nini?

Mchangiaji, Kihesa
Kabla hamjagombana zaidi, tuulizane "wahakiki wamesema" maana yake nini. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki, si alama ya ubora. Ni hesabu ya wahakiki wangapi wameipenda kati ya wote, na kuanzia 60 filamu inahesabika imepita. Kumi wakisema "si mbaya", inapata 100. Watano wakiiabudu na watano wakaichukia, inapata 50. Tovuti nyingine, Metacritic, inafanya wastani wa alama, na wahakiki hawana uzito sawa. CinemaScore yenyewe inawauliza watazamaji wa usiku wa kwanza, kuanzia A+ hadi F, na hao ni watu waliokwisha kuichagua na kuilipia. Ukiweka namba hizo tatu pamoja ukasema "wahakiki wanaonea", umelinganisha debe, kilo na futi.

Filamu ya familia inaumia zaidi kwenye hesabu ya kwanza, kwa sababu mhakiki mwenyewe yuko katikati: kacheka nusu ya kwanza, kachoka nusu ya pili. Analazimika kuangukia upande mmoja.

Mfuatiliaji wa vibanda vya video, Sokomatola
Hapa Mbeya wengi hawajaiona hiyo filamu mnayoizungumzia. Wameona ya mtafsiri, anayeongea Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Dirisha lisilo na neno? Kibandani lina maneno, mtafsiri hawezi kuacha ukimya, wateja watadhani spika imekufa. Vichekesho vinapata nguvu, maana anavitia majina ya mitaa na bei za sokoni. Machozi yanapotea. Kwa hiyo watazamaji wa kibanda wasiitwe mashahidi dhidi ya mhakiki.

Mtoa mada
Ndaga (asante), hilo sikulifikiria. Basi nitoe shahidi mwingine: It's a Wonderful Life, ya Desemba 1946. Iliteuliwa kuwania Oscar tano, sinemani haikurudisha gharama. Leo ni filamu ya Krismasi ya Marekani nzima. Muda ulimhukumu nani?

Mhariri wa picha, Uyole
Haukumhukumu mhakiki. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vikairusha bila kulipia, kila mwaka. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo, sawa, lakini iliyoipeleka sebuleni ni bei ya bure.

Mchangiaji wa kike, Mlandege
Kaka zangu, mmesahau kosa ambalo wahakiki wa huku wana haki ya kulipigia kelele: lafudhi kugeuzwa mzaha. Mjomba anashuka stendi kutoka Iringa, anavuta maneno kwa Kihehe, anatajiwa mbwa, ule utani kwamba Wahehe wanakula mbwa, watu wacheke. Utani una wenyewe. Una watani na una mahali pake. Kwenye filamu anayetania hayupo, amebaki anayechekwa. Halafu dakika za mwisho mjomba huyohuyo ndiye anatakiwa atutoe machozi kwa hekima yake. Mtazamaji amefundishwa saa nzima kutomsikiliza, ataanzia wapi?

Mtoa mada
Dada, hapo huna mpinzani. Na kwa muziki namwachia mhariri pointi yake. Ninachobakiza ni kimoja. Enzi za DVD filamu zetu zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe mara mbili. Vichekesho vikarundikana ya kwanza, vilio ya pili. Mhakiki aliyepewa kasha moja akaandika "haina mzani" alikuwa anahakiki filamu au duka?

Mhariri wa picha, Uyole
Duka. Ila mwandishi wa mswada alijua tangu mwanzo kwamba kisu kitapita wapi, na bado hakuweka deni hata moja kabla ya kisu.