Nimepata mnunuzi wa picha yangu: nimuuzie haki pekee au leseni ya kawaida?

Mwanalenzi: Habari za jioni wakuu. Nina picha zangu Shutterstock na Adobe Stock, zile tovuti za kuuza picha, zinaniingizia hela ya bando tu. Sasa kampuni ya sabuni ya Ujerumani imependa picha yangu moja ya Paje, Zanzibar. Wanaitaka iwe kwenye boksi la sabuni, haki pekee (nisimuuzie mwingine) kwa miaka mitatu, dola 1,200. Sijawahi kushika hela hiyo kwa picha moja, hata usingizi sipati. Nikubali? Na kodi je? Wanataka jibu Ijumaa.

Fundi Kamera: Mkuu, hiyo picha iko Shutterstock? Kama imeshauzwa huko hata mara moja, haki pekee huna tena. Aliyenunua anabaki na leseni yake hata ukiifuta. Waambie kabla ya kusaini. Ila ofa yenyewe usiichezee. Shutterstock unaanzia 15% ya mauzo, unapanda ngazi mwaka mzima, Januari 1 unarudishwa chini. Adobe wanakupa 33%, lakini ya bei ndogo.

Mzee wa Tandika: Kwenye tovuti za Marekani unajaza W-8BEN, fomu yao ya kodi kwa wageni. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya kule yanakatwa 30%. Wajerumani nao wana makato yao, uliza kama 1,200 ni kabla au baada. Mimi nilipakia twiga na machweo nikachoka. Kilichonunuliwa ni foleni ya ndoo bombani. Pigeni maisha ya kawaida vijana, twiga wamejaa.

Asha_PH: Mleta mada, picha yenyewe ina nini?

Mwanalenzi: Shamba la mwani, maji yamekupwa.

Asha_PH: Kuna mtu?

Mwanalenzi: Yupo mama mmoja anafunga mwani kwenye kamba. Lakini swali langu ni la leseni.

Asha_PH: Ndiyo leseni yenyewe hiyo! Sura ikitambulika, hakuna boksi la sabuni bila fomu ya ridhaa aliyosaini yeye. Bila fomu, picha inauzwa kwa matumizi ya habari tu, siyo biashara. Fomu unayo?

Mwanalenzi: Ipo.

Fundi Kamera: Kasaini nani?

Mwanalenzi: Nilimsainia. Alikubali kwa mdomo nikampa elfu kumi, na kusoma hajui. Mtandio umemziba nusu ya uso. Wapiga picha wangapi wanafanya hivyo?

Bi Mkubwa wa Jambiani: Mwanangu, mimi mwani nimeulima. Mwanamke anainama majini tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, mgongo wote unamuuma, na kilo ya mwani mkavu haimpi hata hela ya mboga. Leo uso wake uuze sabuni Ulaya naye hana habari? Kutojua kusoma hakumzuii kusikiliza. Msomee karatasi kwa Kiswahili mbele ya shahidi, aweke dole gumba, umtajie hiyo dola 1,200 na fungu lake.

Kachumbari: Elfu kumi! Hata pweza wa Forodhani hashibishi 😂

Mtoto wa Ilala: Wakuu, hii chai. Shutterstock mnunuzi haoni barua pepe yako. Hao Wajerumani walikupataje? Na kampuni gani inakimbilia Ijumaa? Ama ni hadithi, ama kuna mtu anapigwa. Wakikuomba ada ya mkataba, kimbia.

Kachumbari: Chai na maandazi. Atupie hiyo picha tuone.

Mwanalenzi: Jina langu liko chini ya picha, walinitafuta Instagram. Picha siweki humu, mtaiiba. Ada hawajaomba, wameshanitumia nusu kwa Payoneer.

Asha_PH: Nusu?! Si ulikuja kuuliza ukubali au usikubali?

Mwanalenzi: Mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Nimelipa pango la miezi sita. Mkataba bado sijasaini.

Mtoto wa Ilala: Basi chai naifuta. Mtu akitunga hajitungii deni.

Fundi Kamera: Waandikie leo kwamba fomu inarekebishwa. Kampuni ya maana itasubiri, kwa sababu huyo mama akilalamika watakaobanwa ni wao, na wao watakugeukia wewe.

Mwanalenzi: Na akikataa?

Bi Mkubwa wa Jambiani: Akikataa hela zao zinarudi. Nenda Paje bamvua hili, wote watakuwa pwani. Usimfuate akiwa majini, msubiri atoke.

Mwanalenzi: Nauli ya boti nitaitafuta. Fungu lake liwe asilimia ngapi?