Nyasi za mapambo kando ya ukuta: vetiva au faunteni?

UkutaMpya: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza ukuta, mbele nimeacha kipande nataka nyasi za mapambo zile za kusimama siyo za kukanyaga. Mwenye kitalu ananipa vetiva au faunteni, ile yenye mikia ya zambarau. Ipi bora? Kesho namlipa.

Bibi_Shamba: Kesho tena! Uko wapi kwanza, Dar au Iringa? Pana mteremko? Jua linafika? Hujasema chochote mwanangu.

KakaMche: Vetiva. Inakaa fungu moja haitambai, mizizi inashuka mita 3 mpaka 4, udongo hauondoki. Pasua shina, panda vipando kila sentimita 15 zitashikana kama uzio. Kivulini tu ndo inadhoofika.

tulivu77: Vetiva haina sura jamani. Faunteni upepo wa jioni ukiipiga utakaa nje mpaka usiku. Ila hakikisha ni ya zambarau kweli, ya kijani inamwaga mbegu, Hawaii inawasumbua mpaka leo na asili yake ni huku huku Afrika.

MamaWawili: Niulizeni mimi. Niliuziwa nyasi ncha nyekundu kama damu, nzuri ajabu, nikaambiwa hizi mama zinakaa hapo hapo. Miezi sita tu nikaona kitu kimechomoza katikati ya pevingi, nikang'oa kikakatikia mkononi, cheupe, kigumu, ncha kama sindano, wiki mbili baadaye vimetoka vitatu. Kuchimba nakuta imepita chini ya njia yote mpaka kwenye mihogo, muhogo umetobolewa huku ikatokea kule. Na wekundu wenyewe ukaisha, zikawa kijani tupu. Sasa hivi silipi kabla sijachomoa mche kwenye kiroba: ukikuta mizizi minene myeupe yenye vifundo inazunguka, hiyo inatambaa, machipukizi yakiwa yamebanana kitako kimoja ni ya fungu.

Bibi_Shamba: Pole mwanangu. Hiyo ni motomoto hiyo hiyo, gugu la shambani, wameipaka rangi tu. Tumeilima tangu utoto haiishi.

KakaMche: Bora hiyo kuliko sangari.

Bibi_Shamba: Sangari unaichambua kwa uma ikaisha. Motomoto hapana.

MzeeWaChai: Mbona hakuna aliyetaja mchaichai? Fungu safi, unanukia, na asubuhi unakata wa chai.

tulivu77: Unajaa makavu katikati, nyoka wanajificha humo.

MzeeWaChai: Wangu una miaka tisa sijaona nyoka hata mmoja. Makavu unatoa, shina likijaa unalipasua unapanda upya, basi.

UkutaMpya: Samahanini nilikuwa kazini. Niko Goba, Dar, mteremko upo, upana hatua mbili, jua kutwa ila upande mmoja kuna mwembe. MamaWawili asante, asubuhi naanza na kiroba. Halafu mbuzi wa jirani wanakula faunteni?

Bibi_Shamba: Ikiwa changa wataimaliza. Huo mwembe uko juu ya mteremko au chini?