Vyumba sita Mbagala na kiwanja Vikindu: kuuza, kukarabati au kuhamia hati fungani?

Kibubu

Wakuu, naomba tulinganishe kwa tarakimu. "Ardhi haiozi" tumeisikia ya kutosha.

Mali ya kwanza ni nyumba ya korido Mbagala, vyumba sita, vitatu kila upande, kila kimoja mita 3 kwa 3. Choo na bafu viko nje, bomba moja uani, LUKU (mita ya umeme ya kulipia kabla) moja. Kodi 40,000 kwa chumba. Kiwanja mita 20 kwa 20, kina leseni ya makazi (kibali cha muda cha kumiliki, siyo hati). Mteja amefika milioni 55.

Mali ya pili ni kiwanja Vikindu, 20 kwa 25, kilinunuliwa milioni 6, hakijapimwa, kuna karatasi ya mauziano tu.

Mkononi kuna milioni 14. Njia ni hizi: kuuza nyumba na kununua hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), kuvigeuza vyumba sita kuwa nyumba ndogo tatu zenye choo ndani, kuuza cha Vikindu peke yake, au kuacha kila kitu kilivyo.

Hesabu_Kwanza

Tuanze na hiyo ya kuacha, maana wengi huiona haina gharama.

Kodi ghafi ni 2,880,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu kwa kila chumba, unabaki na 2,640,000. Zuio la kodi ya pango asilimia 10 ni 264,000. Matengenezo weka 300,000, kunyonya choo mara mbili 200,000, kodi ya jengo kupitia LUKU 18,000 (1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023). Kinachobaki ni 1,858,000. Gawa kwa milioni 55: asilimia 3.4.

Ukiuza, usihesabu 55. Dalali asilimia 5 ni 2,750,000. Kodi ya TRA (mamlaka ya mapato) tuseme 1,650,000. Wakili na mizunguko 600,000. Mkononi zinabaki milioni 50. Kwa kuponi (riba ya mwaka ya hati fungani) ya asilimia 12 hiyo ni milioni 6 kwa mwaka, inaingia milioni 3 kila miezi sita, na hakuna mpangaji wa kukupigia simu saa nne usiku kwamba bati linavuja.

Tofauti ya milioni 4.14 kwa mwaka ni kama asilimia 7.5 ya bei ya nyumba. Kwa hiyo swali ni moja: je, unaamini mali hiyo itapanda asilimia 7.5 kila mwaka, yaani ifike kama milioni 113 baada ya miaka 10? Ukiamini, usiuze. Usipoamini, unamfadhili mpangaji.

Bi_Rehani

Hesabu nzuri, ila hati fungani umezipamba. Mambo matatu.

Kuponi haisimami pale pale. Hati ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa asilimia 15.95, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 12.56. Unapata ile iliyopo siku ya mnada wako, basi.

Pili, watu wananunua juu ya 100, yaani wanalipa zaidi ya shilingi 100 kwa kila 100 iliyoandikwa kwenye hati. Ukikubaliwa kwa bei ya 104, milioni 50 zako zinakupa hati yenye thamani ya milioni 48 tu, na kuponi inalipwa juu ya hizo 48: milioni 5.76, si 6. Mwishoni unarudishiwa 48.

Tatu, na hili ndilo zito: hizo 48 zitakuwa 48 zilezile baada ya miaka 25. Nyumba walau inakwenda na bei ya saruji. Anayetaka kutoka mapema anamuuzia mwekezaji mwingine, yaani soko la pili, na kama riba mpya zimepanda, hati yake ya zamani itauzwa chini ya 100.

Sisemi mbaya. Kiwango cha chini ni milioni 1, unapitia benki au dalali wa soko la hisa, na benki nyingi zinaipokea kama dhamana ya mkopo bila maneno mengi. Leseni ya makazi jaribu uone. Ila anayeweka fedha ya nyumba nzima kwenye hati ya miaka 25 kwa sababu ya kuponi ya mwaka huu hajafanya ulinganisho, amependa tu tarakimu kubwa.

FundiKaro

Mimi niongelee kugeuza, kwa sababu nyumba ya korido ndiyo rahisi kuliko zote na watu wanaivunja vibaya.

Usiunganishe vyumba vya upande mmoja. Unganisha cha kushoto na cha kulia kinachotazamana nacho, na kipande cha korido kilicho kati yao kiwe cha nyumba hiyo. Milango ya vyumba tayari inafunguka koridoni, kwa hiyo hauvunji ukuta wowote unaobeba paa. Korido ya mita 1.5 ukiigawa vipande vitatu, kila nyumba inapata 1.5 kwa 3. Choo na bafu chukua 1.5 kwa 1.8, inabaki 1.5 kwa 1.2 ya kupita na kuweka jiko dogo. Kama milango haitazamani, mmoja zibwa na ufunguliwe mahali pengine, na hapo tu ndipo unamwaga lenta (boriti ya zege juu ya mlango) mpya: nondo nne za milimita 12, ringi za 8 kila sentimita 20, zege 1:2:4, iingie ukutani sentimita 20 kila upande, na miti ya kuegemeza isitolewe kabla ya siku 14.

Mlango wa kuingilia unatoka kwenye dirisha la chumba cha kushoto. Lenta ya dirisha ipo tayari, unashusha kizingiti tu mpaka chini.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba vyoo vyote vitatu vimekaa kwenye mstari mmoja. Bomba la inchi 4 linapita chini ya sakafu ya korido, mita 9 moja kwa moja. Mteremko sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani kutoka choo cha kwanza hadi nje ya ukuta lishuke sentimita 22 na nusu. Mafundi wengi wanapima kwa macho, matokeo yake choo cha katikati kinaziba kila mwezi. Na wengine wanadhani mteremko mkali ndio bora. Maji yanakimbia, mzigo unabaki. Chemba weka nje tu, isiwe ndani ya nyumba ya mtu, lakini acha mdomo wa kuzibulia kwenye kichwa cha bomba.

Nyumba ya katikati haina ukuta wa nje upande wa choo. Weka bati moja la kupitisha mwanga na bomba la hewa lipande juu ya paa, la sivyo ukungu utapanda hadi dari kabla ya mwaka kwisha.

Karo (tangi la maji taka): watu 12, ndani 2.4 kwa 1.2, kina cha maji 1.5, ukuta wa kati ugawe theluthi mbili kwa moja. Hiyo ni lita kama 4,300. Halafu shimo la kunyonya. Kisima sahau. Desturi ya usalama ni mita 30 kati ya kisima na shimo, na ulalo wa kiwanja chako wote ni mita 28.

Bajeti ya kufanyia kazi: karo na shimo 3.5, mabomba na vyoo 2.4, kuta na vigae 2.6, milango na grili 1.8, umeme 1.2, tenki la lita 2,000 na mnara wake 1.5. Jumla milioni 13.

Hesabu_Kwanza

Asante fundi. Nyumba ya namna hiyo tuseme 130,000. Tatu ni 390,000 kwa mwezi, 4,680,000 kwa mwaka. Nyongeza ni 1,800,000, toa asilimia 10, inabaki 1,620,000 juu ya milioni 13. Asilimia 12.5 kwa fedha mpya, na siyo kuponi inayoganda: kodi unaweza kuipandisha.

Narudi nyuma kidogo kwenye msimamo wangu. Milioni 14 taslimu zinafanya kazi vizuri ndani ya nyumba kuliko nje.

Waya_Nne

Kwenye umeme msiweke mita moja ya kuchangia. Nyumba tatu zikitumia uniti 40 kila moja ni 120 kwa mwezi. Zikipita mita moja unaangukia tarifa ya kawaida, 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inakuwa 356: karibu 42,700. Kila nyumba na mita yake katika kundi la D1 (watumiaji wadogo wa nyumbani), chini ya uniti 75, uniti ni 122 pamoja na tozo: 14,640 kwa zote tatu. Akiba ni ya mpangaji, sawa, lakini ndiyo inayomfanya asihame.

Kuunganishiwa mjini bila nguzo ni 320,960, unahitaji mbili za ziada. Uliza kabla ya kulipa utawekwa kundi gani. Na angalia hii: kodi ya jengo inakatwa kwenye kila mita. Mita tatu za jengo moja zikianza kukatwa 1,500 kila moja, peleka namba zote warekebishe, ibaki moja.

WakiliWaMtaa

Tarakimu zote hizo zinasimama juu ya karatasi, na karatasi ndizo dhaifu hapa.

Leseni ya makazi ina muda, haizidi miaka mitano kisheria. Angalia tarehe leo. Mnunuzi makini atataka hati, na kama mtaa wako uko kwenye urasimishaji (kupimiwa na kupewa hati), maliza kwanza ndipo uuze. Ukishakuwa na hati, uhamisho unapita fomu namba 29, 30 na 35, cheti cha TRA, na ushuru wa stempu asilimia 1. Nyumba ikiwa ya ndoa, mwenza lazima aridhie. Hiyo ni Sheria ya Ndoa ya 1971. Ikiwa ya urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa. Muhuri wa serikali ya mtaa haumfanyi mtu mmiliki.

Kuhusu ile 1,650,000 ya TRA: ni asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ipi kubwa, na imewekwa 2023 kwa asiye na kumbukumbu za gharama. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 10 ya faida. Kwa bei ya 55, kumbukumbu zinakusaidia faida ikiwa chini ya milioni 16.5. Kwa hiyo ukikarabati, risiti za EFD (mashine ya risiti ya TRA) za saruji na vigae zitunze kama hati yenyewe. Msamaha wa makazi haukuhusu, hukai humo.

Minyaa

Vikindu mmeisahau. Kiwanja hicho ndicho kinachooza kimya kimya: hakiingizi kitu, hakina bikoni (alama za mpaka za mpima), na mtu akikaa humo miaka 12 bila kusumbuliwa, madai yako yanafungiwa mlango wa mahakama.

Kabla ya kuamua, pima kwa futi kutoka katikati ya Barabara ya Kilwa. Mita 30 kila upande ni hifadhi ya barabara. Kiwanja kikiingia humo hata kidogo, mnunuzi atakata bei au atakimbia. Kisha uliza halmashauri ya Mkuranga kama eneo lina mchoro wa mipango miji. Mchoro ukiwepo, jiunge na majirani kupima pamoja, gharama inagawanyika. Mchoro usipokuwepo, uza sasa. Ukishapata hati kumbuka kuna sharti la kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, kwa hiyo hati nayo siyo ruhusa ya kulala. Kwa sasa panda minyaa mpakani na uandikishane na majirani wanne.

Kibubu

Nimewaelewa. Nyumba haiuzwi mwaka huu, leseni naifuatilia kwanza. Fundi, naanzaje na wapangaji wakiwa ndani? Wengine wamelipa miezi sita.

FundiKaro

Karo, shimo na mnara wa tenki jenga wakiwa humo, viko uani. Choo cha nje usikiguse. Mikataba yote ipange iishie mwezi uleule, toa notisi ya maandishi, asiyemaliza mrudishie miezi iliyobaki. Bomba la korido lichimbwe na kulazwa kwa siku moja kuanzia upande wa karo kurudi ndani, lijazwe maji saa 24 kabla ya kufukia. Likipungua hata kidogo, usimwage sakafu.