Ukoo wa Wete: kifua cha Ami Hamad na mlima wa bandarini

Khamis: Assalaam alaykum nyote. Jana Baba alipimwa umeme wa moyo akiwa amelala kitandani, na majibu yametoka mazuri. Hata hivyo, kila akipanda mlima kutoka bandarini kifua humbana, na akisimama kidogo maumivu huondoka. Mimi naona ni uchache wa mazoezi tu, aje tujiunge na kikundi chetu cha asubuhi.

Zuhura: Wa alaykumu salaam, kaka. Shikamoo, Ami. Naomba jambo la kikundi lisubiri. Maumivu yanayokuja kwa kujitahidi na kuondoka kwa kupumzika huweza kuwa dalili ya mshipa wa moyo kuziba, nayo yalielezwa na daktari wa Uingereza, William Heberden, tangu mwaka 1768, naye alitaja hasa watu wanaopanda mlima na wanaotembea punde tu baada ya kula.

Ami Hamad: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, hunizidi nikiwa nimetoka kula. Lakini kama mshipa umeziba, kwa nini nikikaa barazani sihisi chochote?

Zuhura: Kwa sababu mtu akiwa ametulia moyo hauhitaji damu nyingi, takriban mililita 250 kwa dakika. Mshipa mkubwa unaoulisha moyo ukianza kuwa mwembamba, mishipa midogo iliyo mbele yake hutanuka ili damu ya kutosha iendelee kupita, na ndiyo maana mtu huweza kukaa miaka bila kuhisi lolote ilhali mshipa umeziba zaidi ya nusu. Lakini kutanuka huko ndiko akiba ya siku ya kazi ngumu. Kwa mwenye mishipa mizima, damu inayoingia kwenye msuli wa moyo wakati wa mazoezi makali huongezeka mara tatu hadi tano. Aliyepungukiwa asilimia 70 ya upana wa mshipa hafiki huko, kwa kuwa akiba yake imeshaanza kutumika tangu yuko barazani.

Shangazi Maryam: Na mbona miguu yake haimuumi, nayo ndiyo inayopanda?

Zuhura: Swali zuri sana, Shangazi. Msuli wa mguu ukipumzika huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo katika damu, kwa hiyo ukifanya kazi huweza kuchukua zaidi kutoka damu ileile. Moyo huchukua karibu asilimia 70 hata mtu akiwa amelala, basi njia iliyobaki ni kuletewa damu zaidi. Tena upande wa kushoto wa moyo hupata damu yake nyingi pale unapolegea baina ya pigo na pigo, na mapigo yakienda mbio muda huo wa kulegea ndio unaopungua zaidi.

Khamis: Kwa hiyo Baba asifanye mazoezi tena?

Zuhura: Atafanya, na yatamfaa, lakini baada ya kupimwa akiwa anatembea juu ya mashine ambayo kila baada ya dakika tatu huongezwa kasi na mwinuko, huku daktari akiangalia umeme wa moyo wake. Mlima wa bandarini unampa mtihani huohuo bila daktari kusimama karibu. Na maumivu yakija akiwa amekaa, au yakipita dakika 15, au yakiambatana na jasho jingi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Ami Hamad: Nimekufahamu. Khamis, nikatie tiketi ya boti ya Unguja nikapimwe.

Shangazi Maryam: Mimi kifua hakiniumi, ila siku hizi nikipanda mlima huo pumzi hunikatika.

Zuhura: Shangazi, wewe una kisukari, na kisukari huweza kudhoofisha neva hata moyo ukakosa damu bila maumivu yoyote, mtu akahisi pumzi fupi tu. Khamis, kata tiketi mbili.